Gari ya zamani haiui, uzembe ndio unaoua

Bunia – Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu wa Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa, na ninyi ndugu zetu mlio ndani ya mahema ya Kigonze na popote pengine mlikokimbilia: leo siwaletei habari ya mapigano. Leo nataka tugombane kidogo sisi kwa sisi, juu ya kitu tunachokiona kila siku mpaka macho yamezoea. Ni jipu zilizosimama juu ya mawe.

Mnazijua. Ziko nyuma ya ofisi, kando ya vituo vya afya, ndani ya viwanja vya misheni. Pine zimetolewa, majani yameota mpaka kwenye mlango, mbuzi wanalala chini yake wakati wa jua. Ubavuni bado unaona alama ya shirika iliyoanza kufutika. Ukiuliza, wanakujibu: "Ile ilikufa." Mimi nasema haikufa. Ilitupwa. Na kwa kuitupa, tuliwatupa pia watu ambao ingewabeba.

Nitawaeleza kwa nini nasema kwa ukali hivi.

Mwezi wa kumi wa mwaka jana, katikati ya mvua, nilipewa nafasi ndani ya jipu ya zamani iliyokuwa inatoka upande wa Djugu ikimleta Bunia mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Alikuwa mkimbizi wa ndani, mama wa watoto watatu, na wa nne alikuwa anakataa kutoka. Tulikuwa kwenye barabara ya kitaifa nambari 27, bado hatujafika Iga-Barrière, moteri ikaanza kukohoa. Ikakohoa mara tatu, ikazima. Shofere akafungua kapo, akatazama ndani kama mtu anayetazama kisima, akafunga kapo, akachukua telefoni. Hakukuwa na rezo.

Nikamuuliza, "Yaya, ni nini?"

Akajibu, "Papa, gari ya zamani ni vile."

Tulikaa pale karibu saa tatu. Ninyi mnaosafiri barabara ile mnajua maana ya kukaa saa tatu kando yake, wakati jua linashuka na kila anayepita anaongeza mwendo. Mama alikuwa analia nyuma. Mwishowe akapita mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye bidoni za mafuta ya mawese. Akasimama. Hakuuliza sana. Aliuliza tu, "Munanywesha hii gari wapi?" Shofere akasema ananunua mazuti kwa ba-Kadhafi, kwenye chupa, kando ya barabara. Mzee akaomba bakuli. Akaingiza mkono karibu na moteri, akalegeza kwa vidole skurubu ndogo iliyo chini ya filtri ya mazuti. Kilichotoka kwanza hakikuwa mazuti. Kilikuwa maji, rangi ya chai. Akaacha yatiririke mpaka mazuti safi ikaonekana, akafunga, kisha akapiga-piga kwa kiganja ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri mpaka ikawa ngumu. Akasema, "Piga." Moteri ikawaka.

Yote hayo yalikuwa dakika kumi. Hakuna piesi iliyonunuliwa. Hakuna hata franka moja iliyotoka.

Mzee alituambia kwamba zamani alikuwa anaendesha kamyo za Kilo-Moto. Kisha akanyoosha kidole mbele ya usukani, mahali ambapo kulikuwa na kipande cha sparadra kimebandikwa. Shofere akakibandua kwa aibu. Chini yake kulikuwa na taa ndogo, ile inayowaka maji yakijaa ndani ya filtri. Ilikuwa imewaka kwa wiki mbili. Ilimsumbua macho usiku, kwa hiyo akaifunika.

Mama yule alipona. Mtoto hakulia. Muganga hakutulaumu, alisema neno moja tu: "Mumekawia."

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema "gari ya zamani ni vile", damu inanichemka.

Wanaotaka mpya

Kuna watu wenye sauti kubwa mjini hapa wanaosema dawa ni moja: magari ya zamani yaondolewe, tuletewe mapya. Neno hilo linapendeza sikioni. Lakini nani ataleta? Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Marekani ilipokata sehemu kubwa ya msaada wake, mashirika mengi yamepunguza kazi, mengine yamefunga. Jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na franka ya kwanza inakwenda vitani. Watu waliohama makwao ndani ya Ituri ni zaidi ya milioni moja. Anayewaambia watu hawa wangoje jipu mpya anawaambia wangoje mvua wakati wa kiangazi. Jipu tulizo nazo ndizo jipu tutakazokuwa nazo.

Tena, ni nani aliwaambia kwamba mpya itatufaa kuliko hizi? Tutazame vizuri. Jipu nyingi tunazoziona hapa ni Land Cruiser za ile familia iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Moteri yake ya lita 4.2, yenye silinda sita, ilianza mwaka 1990. Haina kompyuta ya kuiongoza. Pampu yake ya mazuti ni ya chuma na mkanda. Kwa sababu hiyo mashirika ya dunia nzima yaliichagua kwa nchi zenye barabara kama zetu: mtu mwenye funguo chache za buloni na akili tulivu anaweza kuitengeneza chini ya mwembe.

Magari mengi mapya ya mazuti yanasukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana, zaidi ya mara 1,000 ya nguvu ya hewa tunayopumua, kupitia matundu membamba ambayo jicho haliyaoni. Uchafu ule ule wa chupa za Kadhafi ambao moteri ya zamani inaukohoa, moteri mpya inaharibika nao kabisa. Na ikiharibika, inataka kompyuta kuisoma ugonjwa. Ukipata pane Fataki saa kumi jioni, kompyuta hiyo utaitoa wapi?

Kwa hiyo tusiwe na haya kwa jipu zetu. Haya iwe kwa namna tunavyozitunza.

Kinachoziua

Nimezunguka garaji za mji huu, za Saio, za Mudzipela, za Nyakasanza, nikiwauliza mafundi swali moja: magari haya yanakufa kwa nini? Hakuna aliyenijibu "uzee". Walinijibu vumbi, maji, mzigo na kusahau. Vyote vinne vina dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haitaki fundi. Inataka mwenye gari ao shofere mwenyewe, dakika chache asubuhi kabla ya kugusa ufunguo.

Tuanze na vumbi. Kiangazi cha hapa kinageuza barabara kuwa unga mwekundu. Filtri ya hewa ikijaa, moteri inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, inakula mazuti bure. Ikitoboka ni mbaya zaidi, maana vumbi linaingia ndani ya silinda na kusaga chuma kama msasa. Itoe filtri, igonge polepole juu ya kitu kigumu, ipulize hewa kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa ni ya karatasi usiioshe kwa petroli. Ikiwa imechanika, nunua nyingine. Filtri ni bei ndogo, moteri ni bei ya nyumba.

Maji yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazuti. Ukinunua kwenye chupa ao fuu, iache itulie usiku mzima, kisha imimine ukichuja kwa kitambaa safi, na ile ya chini kabisa usiimimine. Kila wiki legeza ile skurubu chini ya filtri, utoe maji. Njia ya pili ni mito na madimbwi. Gari ikivuka maji marefu ikiwa na joto, chuma kinapoa ghafla na kuvuta maji ndani ya ile pon ya mbele na ya nyuma, ambamo meno yanazunguka katika mafuta. Ndiyo maana kuna kitundu cha kupumulia juu yake, chenye mpira mdogo. Hakikisha mpira huo haujakatika wala kuzibwa na matope. Mafuta ukiyaona yamekuwa meupe kama maziwa, maji yameingia: yabadilishe siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Mzigo tunaujua sote. Jipu iliyotengenezwa kubeba watu kumi tunaijaza kumi na saba, magunia juu, mbuzi nyuma. Resori zinavunjika jani moja moja. Buloni zinazozishika zinalegea, kisha magurudumu ya nyuma yanaanza kwenda upande wao. Zikaze mara kwa mara. Na grisi: kila mahali chuma kinapojikunja juu ya chuma kuna kichuchu cha kutilia grisi. Baada ya wiki ya matope vyote vinataka grisi mpya, maana matope yameshafukuza ile ya zamani.

Kisha kusahau. Mafuta ya moteri hayabadilishwi mpaka yawe lami. Maji ya radiateri yanajazwa kutoka mtoni, na chumvi na uchafu vinaziba mishipa. Majani na matope yanafunika uso wa radiateri mpaka upepo haupiti, halafu tunashangaa moteri inachemka kwenye mlima wa kutoka Kasenyi. Na kuna ule mkanda wa ndani ya moteri, ambao mwenye kutengeneza gari anataka ubadilishwe kila kilometa 100,000, na ameweka taa ya kutukumbusha. Ukikatika, vyuma vinagongana ndani, moteri imekwisha. Ni mashofere wangapi kati yetu wanajua mkanda wao ulibadilishwa lini?

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatuzibi ufa, na ukuta hatujengi. Tunahamia upande wa pili wa nyumba.

Mashofere, mafundi na mashefu

Sasa niwaseme watu, bila jina la mtu.

Wewe shofere unayesema, "Mimi ni shofere, mimi si fundi": huo ni uongo unaojidanganya nao. Shofere asiyejua kutoa maji kwenye filtri, kupima mafuta na kubadilisha gurudumu ni abiria aliyekaa mbele. Njiani ukiwa na wagonjwa, fundi ni wewe.

Wewe fundi wa waya: kila kitu kwako ni kufunga. Mpira wa maji umefungwa na mpira wa baiskeli, kibati cha betri kimefungwa na kamba, leo inatembea, kesho si shauri lako. Kufunga ni kwa kufika nyumbani tu. Ukifika nyumbani, tengeneza. Tena acha kuficha ujuzi wako ili mteja arudi kesho. Mteja aliyekufa njiani harudi.

Na ninyi mashefu, ninyi wafadhili: ninyi ndio wakubwa wa kosa hili. Gari inatolewa kwa hotuba na picha. Ufunguo unapokelewa kwa makofi. Lakini siku ile hakuna anayeuliza pesa ya mafuta ya moteri itatoka wapi mwezi wa tatu. Hakuna daftari la kuandika kilometa. Hakuna filtri hata moja ya akiba. Kisha gari ya wagonjwa inabeba matofali, inakwenda matanga, inakwenda sokoni, na siku mama ana uchungu, tunaambiwa haina batri. Kutoa gari bila kutoa matunzo yake ni kumpa mtu ng'ombe na kumkataza majani.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema: "Mwandishi, tatizo ni barabara, tatizo ni watu wenye silaha. Hata gari nzuri itapigwa." Ni kweli, na serikali siisamehi hata kidogo: barabara ni deni lake, amani ni deni lake. Lakini kwa sababu ile ile ya watu wenye silaha, gari haina haki ya kusimama njiani. Katika msafara unaolindwa na jeshi, gari yenye pane inabaki nyuma. Kwetu Ituri, grisi na filtri ni sehemu ya usalama, kama vile mlango wenye kufuli.

Wengine watasema: "Ukiwaambia watu wajitengenezee, watauana." Hapa nawapa haki nusu. Kuna kazi ambayo si ya kujaribu. Freni na usukani ni kwa fundi anayejua, kwa piesi nzima, si kwa waya. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake: weka gogo nene ao pine chini yake kwanza. Usifungue kifuniko cha radiateri moto. Na mafuta machafu yasimwagwe ndani ya Nyamukau, ambapo watoto wanachota. Lakini kumkataza mtu kusafisha filtri kwa sababu hajui freni ni kama kumkataza kunawa mikono kwa sababu si muganga.

Tunachodai

Sitaki maneno haya yaishie kwenye masikio. Tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja Kinshasa.

La kwanza: kila gari ya watu wote, ya afya, ya parokia, ya kikundi, iwe na daftari ndani yake. Siku, kilometa, kilichofanywa, nani alifanya. Kamati ya wakaaji iwe na haki ya kulisoma. Gari isiyo na daftari ni gari ya mtu mmoja, hata kama ubavuni imeandikwa jina la watu wote.

La pili: mfadhili asitoe gari bila filtri, mikanda na mafuta ya mwaka mzima, na siku za kumfundisha shofere. Ikiwa pesa haitoshi vyote, atoe jipu moja yenye matunzo kuliko mbili zitakazokuwa nyumba za mbuzi.

La tatu: jipu zile zilizo juu ya mawe zifunguliwe. Ziko nyingi za aina moja. Moja ina moteri nzima bila pon, nyingine ina pon bila moteri, ya tatu ina radiateri. Katika tano zilizokufa, mafundi wetu wanaweza kufufua moja ao mbili bila kungoja piesi za Kampala. Kinachozuia ni karatasi ya ofisi, maana gari imeandikwa bado ni mali, na mali hairuhusiwi kuguswa. Basi inaoza ikiwa mali.

La nne, na hili ndilo moyo wangu unalishika zaidi: vijana waliohama. Ndani ya mahema kuna wanaume kwa wanawake waliokuwa na mashamba Djugu na Irumu, wenye mikono iliyozoea kazi, na sasa mikono hiyo inashika kadi ya kupokea chakula tu. Wawekeni wawili wawili kwa mafundi wa mji. Wapeni sanduku moja la funguo kwa kila kambi. Wasichana pia: skurubu ile ya filtri inalegezwa kwa vidole viwili, haiulizi ni vya nani. Siku amani itakaporudi watarudi kwao na kazi mkononi. Na kabla ya siku hiyo, gari inayokuja kumchukua mgonjwa wa kambi yao itakuwa na mtu anayeijua.

Yule mzee wa baiskeli sikumwona tena. Sikuuliza hata jina lake, tulikuwa na haraka. Yeye hakuwa muganga, hakuwa shefu, hakuwa mfadhili. Alijua kitu kimoja ambacho sisi sote ndani ya gari ile hatukukijua, na angepita saa tatu mapema, pengine nisingeandika haya.

Kesho asubuhi, wewe mwenye jipu, kabla ya kupiga, fungua kapo. Pima mafuta. Tazama maji. Lala chini uone kama kuna kinachovuja. Na kama kuna taa uliyoifunika mbele ya usukani, ibandue leo.

Ni mimi mwandishi wenu, Bunia.